Msiba Usio na Matanga

Kinara alivunjika mguu asubuhi, na kabla jua halijazama nyama yake ilikuwa imeshaingia kwenye sufuria za nusu ya kitongoji chetu. Nimeanza na hilo makusudi, maana wengi wakisikia mtu mzima analia ng'ombe hudhani ana mambo ya kizungu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkulima wa mahindi na ufuta hapa Chitete, na nyama ya ng'ombe naila. Ninachotaka kushuhudia ni jinsi nilivyomlilia mnyama niliyetoa mwenyewe kauli achinjwe, nikamuuza kwa kilo, na bado nikavuka salama.

Kwa asiyepajua, Chitete ndiyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Watu wakisikia Songwe hufikiria Tunduma: malori yaliyopanga foleni kuingia Nakonde upande wa Zambia, wabadili fedha, vumbi. Huku kwetu mambo ni jembe. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba hivi na kukatika Aprili, na ukizembea Desemba utaomba debe la mahindi kwa jirani kabla msimu mwingine haujafika. Matrekta ya kukodi yapo, ila huanza kwa wenye mashamba makubwa. Sisi wengine ni maksai. Wazee wanaukumbuka mradi wa ng'ombe wa kazi ulioendeshwa na Tanzania na Kanada mwishoni mwa miaka ya 1980, enzi hizo bado tuko Mbozi, mkoa wa Mbeya. Nao ndugu zetu Wasukuma walioshuka na mifugo yao kwenye bonde la Rukwa wametuongezea ujuzi mwingi. Leo hata mtoto wa darasa la nne anajua kushika kamba ya mbele.

Kinara alizaliwa zizini kwangu mwaka 2016, mwaka ule ule mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya. Mwekundu, doa jeupe kwenye paji, pembe ya kushoto imeinama. Alihasiwa akiwa ndama, akafundishwa nira akiwa bado mdogo kiasi cha kusukumwa kwa bega. Mwenzake alikuwa Sultani, mweusi, mzito wa kuondoka na mzito wa kusimama. Jembe letu hupindua udongo kuelekea kulia, kwa hiyo ng'ombe wa kulia hutembea ndani ya mfuo uliokwisha kulimwa, na wa kushoto hukanyaga ardhi mbichi. Wa kulia akinyooka, shamba zima linanyooka. Akiyumba, hata uwe fundi wa kushika mikono ya jembe namna gani, majirani watakucheka mahindi yakiota. Kinara alikuwa wa kulia. Mwisho wa shamba hakungoja kamba. Ungesema tu, "Kinara, rudi mfuo," naye anageuka taratibu, anamsubiri Sultani amalize mzunguko wake mpana, kisha anatafuta mfuo kwa kwato mpaka anaupata. Nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na ninaowakumbuka kwa usikivu wa namna ile ni wachache.

Jioni nilikuwa namlambisha chumvi kiganjani. Ulimi wa ng'ombe unakwaruza, ukizoea unausikia mkononi hata ukiwa umelala. Marehemu baba yangu alikuwa akisema ng'ombe wa Momba hana sababu ya kukosa chumvi wakati Ivuna iko hapo hapo wilayani, ambako watu wamekuwa wakichemsha chumvi ya chemchemi kwa karne nyingi. Hiyo chumvi ya jioni haikuwa mapenzi tu. Ng'ombe wa kazi anayekuja mwenyewe ukimwita hakupotezei muda alfajiri. Lakini nikisema ilikuwa kazi tupu nitakuwa nashuhudia uongo.

Siku yenyewe tulikuwa tunaleta mbolea ya ruzuku kwa mkokoteni. Kuna korongo kabla ya shamba langu, limevushwa kwa daraja la magogo lililofunikwa udongo. Usiku ule mvua ilikuwa kubwa na udongo ulikuwa umesombwa. Mjukuu wangu alikuwa mbele na kamba. Kinara alikanyaga, gogo likakatika, mguu wa mbele ukazama kati ya magogo mawili huku mkokoteni ukiendelea kumsukuma kwa nyuma. Ulisikika mlio mkavu, mmoja tu. Tulipowafungua nira, Sultani akaondoka, Kinara akajikokota hatua kadhaa kwa miguu mitatu, akalala kwenye majani. Mfupa wa muundi ulikuwa umetoboa ngozi.

Hakupiga kelele. Hili liliwashangaza vijana, wakadhani pengine haumwi sana. Ng'ombe ni mnyama wa kuwindwa tangu asili. Anayelia porini ndiye anayeonwa na simba, kwa hiyo hujifunza kuficha maumivu. Ukitaka kujua, tazama masikio na pumzi. Masikio ya Kinara yalikuwa yamelegea pembeni na pua ilikuwa inapanuka haraka haraka. Nikakaa naye. Nilikuwa na chumvi kidogo kwenye mfuko wa shati, nikampa, hakuilamba.

Afisa mifugo alifika na pikipiki, akapapasa, akaniita pembeni. "Mwalimu, angekuwa ndama tungejaribu plasta. Huyu ana kilo 300 na ushee, na mfupa umetoka nje. Hasimami tena. Amua sasa hivi, maana akifa mwenyewe ni kibudu. Humli, humuuzi, unachimba shimo." Alisema kwa sauti ya chini, kwa heshima, na bado kila neno lilinichoma. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza mnyama kuteswa bila sababu. Mimi sikuhitaji sheria kuona kwamba kumwacha mpaka kesho ili nimzoee kuondoka kwake kungekuwa kwa faida yangu, si yake. Nikasema aitwe mchinjaji.

Nitoke kidogo nje ya njia, maana swali la kama kweli hapakuwa na dawa lilinitesa kuliko yote. Wiki ile nilikuwa nalala na simu. Nikakutana na habari za farasi wa mashindano wa Marekani aliyeitwa Barbaro. Mei 2006 alishinda mbio za Kentucky Derby. Wiki mbili baadaye, kwenye mbio za Preakness, mguu wake wa nyuma wa kulia ukavunjika vipande zaidi ya 20. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakamwekea bamba la chuma na skrubu 27. Watu wasiomjua ana kwa ana walimtumia kadi na matunda. Akapambana miezi minane. Kilichommaliza hasa ni miguu mingine: mnyama mzito akikwepa kukanyagia mguu mmoja, uzito wote huelemea iliyobaki, damu haizunguki vizuri kwenye kwato, na kwato huanza kuachana na mfupa wa ndani. Januari 29, 2007, wamiliki wake wakakubali adungwe sindano ya kumpumzisha. Nilisoma habari hiyo mpaka usiku wa manane, na niliyoyasoma yalinisaidia kuliko pole nyingi. Ikiwa hospitali ile, pesa zile na chumba kile cha upasuaji vilishindwa, basi yule kijana wa pikipiki alinieleza ukweli mtupu, na mimi sikuwa mchoyo wa matibabu.

Mchinjaji wetu ni Mwislamu. Hapa kitongojini wengi wetu ni Wakristo, lakini ndiyo desturi, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Alipofika aliwaambia vijana wamwondoe Sultani, wampeleke mbali, na wale waliokuja na visu na mabeseni wasogee nyuma. Kisu chake alikuwa amekinoa kwao. Alikificha nyuma ya kanzu, na mtu mmoja alipotaka kunoa panga jiwe likilia, alimkemea: mbele ya mnyama hakinolewi kitu. Akachuchumaa, akamshika Kinara shingo akimsemesha, akamlaza kwa namna ambayo mguu uliovunjika haukuguswa. Kisha, "Bismillahi." Nilibaki nimeshika pembe ile iliyoinama. Sijawahi kumweleza yule bwana jinsi alivyonifaa siku ile. Akisoma hapa, na ajue.

Baada ya hapo ikawa shughuli. Afisa mifugo alikagua nyama, turubai likatandikwa, mizani ikaletwa. Watu walipanga foleni, nami sikuwachukia. Mwezi wa kilimo nyama ni adimu na pesa ni adimu zaidi. Wengi walichukua kwa mkopo, tukaandika daftarini. Wengine walilipa, wengine mpaka leo wakiniona wanapinda njia. Kwa desturi mwenye ng'ombe hupelekewa maini. Yaliletwa kwenye sahani, yamefunikwa vizuri. Mjukuu wangu akauliza, "Babu, haya ni ya Kinara?" Mke wangu akayachukua, akayapeleka kwa shemeji yake, akarudi akapika maharage bila kuniuliza neno.

Nimesoma pia habari za Phar Lap, farasi wa mbio aliyezaliwa New Zealand, akapendwa Australia kupita kiasi, akafia California mwaka 1932. Ngozi yake iko makumbusho ya Melbourne, moyo wake Canberra, mifupa yake Wellington. Wenzetu walimgawana miji mitatu. Sisi wetu tulimgawana kaya kwa kaya. Sioni kwamba wao walimpenda zaidi. Ila wao wana mahali pa kwenda kumtazama, na sisi tulibaki na daftari la madeni.

Jioni ile ng'ombe wa kitongoji waliporudi kutoka malishoni walipita pale palipomwagika damu. Wafugaji mnaijua hali hiyo. Walikusanyika wote, wakanusa, wakafukua udongo kwa kwato, wakalia kwa ile sauti nzito ya kutoka tumboni mpaka mbwa wakanyamaza. Ilikuwa kazi kuwaswaga waondoke. Ng'ombe walikuwa wanakaa matanga wakati watu wanakoleza mchuzi.

Kilichonivunja zaidi kilikuja siku chache baadaye. Nilitoa nira nje kuikagua minyororo, nikaiegemeza. Sultani akatoka zizini mwenyewe, akaja, akainamisha shingo upande wake wa kushoto, akasimama akisubiri, nafasi ya kulia iko wazi. Ndivyo alivyofundishwa. Nikaingia ndani, nikamwachia mjukuu amrudishe.

Msiba wa mtu una njia zake. Kuna turubai, kuna sufuria kubwa, daftari la rambirambi, vijana wa kuchimba, akina mama wa kupika, na siku ya kuanua matanga ambayo inakuambia sasa rudi kazini. Msiba wa ng'ombe hauna hata kimoja. Una maneno matatu tu: "ni ng'ombe tu," "utanunua mwingine," na "afadhali yeye kuliko mtoto." Hili la tatu ndilo gumu, kwa sababu ni kweli kabisa. Mjukuu wangu alikuwa amekwisha vuka lile gogo kwa hatua moja. Kila usiku nilimshukuru Mungu kwa hatua ile. Lakini shukrani haifuti huzuni. Vyote viwili vilikaa kwenye kifua kimoja, na watu walinitaka nichague. Halafu anayekuambia utanunua mwingine hajui, au anajifanya hajui, kwamba ng'ombe aliyefundishwa si bei ya mnadani. Ni misimu yako uliyotembea nyuma yake.

Wakaja na wengine, wa kuniambia gogo halikatiki hivi hivi, kwamba kuna mkono wa mtu, na kwamba wanamfahamu mganga ng'ambo ya mto. Hawa niliwapa kiti na chai, sikuwapa sikio. Mikoa yetu hii, Songwe na jirani zetu Rukwa, tumeona familia zikisambaratika na wazee wakikimbia miji yao kwa maneno ya namna hiyo. Gogo lilikuwa limeoza. Basi.

Jumapili kanisani kwetu kuna muda wa shuhuda. Watu husimama kushukuru: nimepona, mwanangu amefaulu, nimenusurika ajali. Nilitamani kusimama, nikajikaza kisabuni. Mzee mmoja wa kanisa aliyeniona macho mekundu alininong'oneza kwamba machozi yana watu wake. Sikubishana naye. Ila Mithali yenyewe inamtaja mwenye haki kuwa anajali uhai wa mnyama wake, na nimekuwa nikijiuliza wanaolisoma hilo huwa wanamfikiria mnyama gani.

Aliyenisaidia hasa ni mzee wa Kisukuma anayefuga upande wa mtoni. Si rafiki wa siku zote. Tumewahi kugombania mpaka wa malisho mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Alikuja jioni, akakataa kiti, akakaa kwenye kigoda cha jikoni. Alisema, "Pole sana, mwalimu," akanyamaza. Kisha akauliza: "Alikuwa anaitwa nani?" Nikamwambia. "Mama yake yupo?" Nikamweleza mama yake, na bibi yake aliyeletwa na baba yangu. Akauliza alihasiwa na nani, alivutia upande gani, alipokuwa anafundishwa alisumbua nini, alikuwa anapenda nini. Maswali ya mfugaji, moja baada ya jingine, bila haraka. Tulikaa mpaka mwezi ukawa juu. Nilisimulia mambo niliyodhani nimeyasahau: siku aliyokula daftari la mahudhurio, siku aliyokataa kuingia korongoni na kumbe nyoka alikuwa amelala mbele. Mahali fulani katikati nikalia, kwa sauti, mbele ya mwanamume mwenzangu, naye hakuniambia nyamaza. Alipomaliza kunisikiliza akanisimulia wa kwake, dume aliyemwacha njiani walipokuwa wanahama na mifugo. Miaka imepita na bado alimtaja kwa jina.

Alfajiri vijana wake walikuja na jozi ya maksai. Niliuliza bei, wakacheka. "Mzee amesema ulime kwanza." Nilishika jembe mwenyewe ingawa vijana walitaka kunipokea. Mwisho wa mfuo wa kwanza mdomo ukasema wenyewe, "Kinara, rudi mfuo." Ng'ombe wa watu hawakugeuka, wakaingia shambani kwa jirani. Tukacheka wote, nami nikacheka, na kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu korongoni. Mahindi niliyaotesha kwa wakati.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza wengine wanafanyaje, na nimeona si sisi peke yetu tunaobeba mzigo huu. Uganda, mwanamume wa Kikaramojong huitwa kwa jina la dume wake ampendaye, kwa hiyo dume akifa, watu wanaendelea kumtaja kila wamwitapo mwenyewe. Kakamega, Kenya, Waisukha na Waidakho humsindikiza fahali wa mashindano uwanjani kwa nyimbo na ngoma za isukuti, na mwenye fahali hujulikana eneo zima kwa sababu yake. Huko mtu akilia ng'ombe hakuna wa kumshangaa. Sisi wakulima tumechukua jembe na nira, tukaiacha hii sehemu nyingine.

Baada ya ufuta kuuzwa nilikwenda mnadani, nikaongezea pesa za daftari, nikanunua dume mdogo wa rangi ya majivu. Sultani ndiye aliyemfundisha. Tulianza na nira tupu, wakazungushwa uwanjani. Kisha wakavuta gogo jepesi. Kisha jembe kwenye ardhi laini. Kijana alivuta mbele, akavuta pembeni, akalala chini kwa hasira, na yule mzito alisimama tu mpaka mwenzake akachoka. Mimi sikumpa jina kwa muda. Mjukuu ndiye aliyemwita Bodaboda, kwa kuwa hajui kwenda polepole. Anavuta kulia sasa. Mfuo wake bado unayumba, na majirani wanacheka, wana haki. Daraja la magogo tulilivunja kitongoji kizima, tukapanga mawe; mikokoteni inapita chini, kwenye mawe, hata kama ni mzunguko. Nyama naila tena. Kinara namtaja ninapotaka, na nyumbani hakuna anayeshtuka.

Nawaomba, hasa ninyi mnaokaa na wakulima na wafugaji: ukisikia mtu amepoteza ng'ombe wa kazi, au punda wake wa maji, nenda nyumbani kwake. Usimwambie atanunua mwingine, hilo analijua. Muulize mnyama aliitwa nani, kisha mwache aseme. Na kama una jozi yako na una siku moja ya kumpa, mpelekee mapema, mvua haimsubiri.